Stamina Si Wingi Tena

Mhadhara kwa walimu wa Kiingereza, Moshi

Walimu wenzangu, hili nimelisema vikao vingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naona madaftari ya watoto yamepigwa kalamu nyekundu bure. Mtoto ameandika habari za mpagazi wa Kilimanjaro: "His stamina was great." Amekatwa alama! Kisa? Mwalimu amesikia kwamba stamina ni wingi, basi anataka "were".

Ni wingi, ndiyo, ila katika Kilatini. Umoja wake ni stamen, yaani uzi, hasa ule wa mtande kwenye kitanda cha mfumi. Warumi waliamini kwamba miungu wa kike, Parcae, huusokota uzi wa uhai wa kila mtu, ukikatwa, amekufa. Kiingereza kilipolichukua neno hilo, karne ya 17, kililitumia kwa wingi, kwa maana ya viini vya mwili ambavyo mtu huzaliwa navyo. Baadaye maana ikahamia kwenye nguvu ya kuhimili, na nguvu haihesabiki. Hapo umoja ukashika. Wataalamu wa mimea wao wakabaki na stamen kwa kiungo cha kiume cha ua. Ua la kahawa yetu hii ya arabika linavyo vitano, nao huandika "stamens".

Najua kuna atakayesema asili ya neno iheshimiwe. Haya. Kitabu tumekitoa kwa Waarabu, na wingi wake kwao ni kutub. Nani hapa amewahi kununua kutubu? Tunanunua vitabu. Madigadi nayo yametoka kwenye neno la Kiingereza la umoja, mudguard. Sisi tukaisikia ile ma-, tukapata digadi moja. Hakuna Mwingereza aliyekuja kutukata alama.

"Kwa hiyo hata 'bacteria is' ni sawa?" Hapana! Waandishi wa sayansi bado wanaandika bacterium kwa umoja, hapo sahihisheni. Swali ni lilelile: wenye lugha wanaandikaje leo? Agenda ilikuwa wingi wa agendum. Leo ni "the agenda is", na wingi wake "agendas". Opera ni wingi wa opus, imepitia Italia. Data inaandikwa kote kuwili, "is" na "are". Mwanafunzi akishika njia moja bila kuyumba, mpeni alama zake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Media tutaizungumza kwenye chai. Ila wale watoto wa stamina, warudishieni alama zao wiki hii.