Kupima masi ya molari kwa njia ya Dumas: makosa yanapojificha

Karibu tena mezani. Leo tunapima masi ya molari, yaani gramu za moli moja (idadi maalumu ya molekuli), ya kioevu kinachovukiza upesi, na nimechagua asetoni. Njia hii aliieleza mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Dumas mwaka 1826, na wazo lake ni jepesi: jaza chupa mvuke mtupu, uupoze, upime uzito wake. Ukishajua masi ya mvuke, halijoto, kanieneo na ujazo, kanuni ya gesi, inayounganisha kanieneo, ujazo, halijoto na idadi ya moli, inakumalizia kazi. Ni vipimo vinne tu, na kila kimoja kina namna yake ya kukudanganya.

Kabla ya yote: asetoni inashika moto kwa haraka sana. Tunatumia jiko la umeme, hakuna kichomeo wala kiberiti karibu. Vaa miwani, fungua madirisha.

Hatua ya kwanza. Chukua chupa ya koniko iliyokauka kabisa, kipande cha karatasi ya alumini na mpira wa kufungia. Funika mdomo, funga mpira, kisha toboa kitundu katikati kwa ncha ya pini. Ncha tu! Tundu likiwa kubwa, hewa ya nje itaingia na mvuke utatoka kama wapita njia. Sasa pima vyote pamoja, uandike hadi miligramu. Kata alumini ndogo, inayofunika mdomo na kushuka kidogo tu shingoni. Sababu utaiona baadaye.

Hatua ya pili. Ongeza asetoni, mililita tatu hivi. Mvuke utakaobaki ndani mwishoni unahitaji chini ya nusu mililita, kwa hiyo utaona kama tunapoteza bure. Hatupotezi. Ile ziada ndiyo inayoisukuma hewa nje ya chupa. Ukibania, hewa inabaki imechanganyika na mvuke, na jibu lako linashuka.

Hatua ya tatu. Zamisha chupa kwenye bika (chombo kipana cha kioo) la maji yanayochemka, hadi shingoni. Ikielea nusu nje, sehemu ya juu inakuwa ya baridi kuliko kipimajoto kinavyosema, na mvuke wa baridi ni mzito zaidi. Sogea karibu uangalie kitundu: hewa juu yake inatetemeka kama juu ya lami wakati wa jua kali. Huo ni mvuke unaotoka. Mtetemo ukikoma, inamisha chupa utafute tone lililojificha kwenye kona ya chini. Likiwapo, rudisha chupa, maana tone hilo litapimwa kama mvuke. Lisipokuwapo, ngoja dakika moja, soma halijoto ya maji, toa. Usiende kunywa chai ukaiacha humo. Hewa hujipenyeza taratibu na kuchukua nafasi ya mvuke.

Hatua ya nne ni kukausha, na hapa tusiharakishe. Iache chupa ipoe hadi joto la chumba. Ikipimwa ya moto, hewa inayopanda kandokando yake huifanya mizani isome pungufu. Futa nje yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Sasa tazama hapa, chini ya ukingo wa alumini. Unaona ule mstari unaong'aa? Ni maji ya bika yaliyopanda kati ya karatasi na kioo. Kunja ncha ya karatasi ya kupangusia, ipitishe polepole kuzunguka shingo yote, bila kuifungua alumini.

Kwa nini nashughulika hivi na unyevu mdogo? Chupa yangu inabeba mililita 150. Kwa nyuzi 100 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida ya angahewa, mvuke wa asetoni unaoijaza una gramu 0.285 tu. Tone moja la maji lina kama gramu 0.05. Likibaki hapo shingoni, unahesabu gramu 0.335, na badala ya gramu 58 kwa moli unapata 68.

Hatua ya tano, pima tena. Toa uzito wa kwanza, upate masi ya mvuke. Na hapa ndipo lilipo kosa ambalo wengi hawalioni, kwa sababu halisababishwi na uzembe wa mtu yeyote.

Ulipopima mara ya kwanza, chupa haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa hewa, gramu 0.18 hivi. Sasa chupa imepoa, asetoni nyingi imerudi kuwa kioevu, na hewa imeingia tena. Lakini haikuingia yote. Asetoni iliyopoa bado inavukiza: kwa nyuzi 25 mvuke wake una kanieneo ya kilopaskali 31 hivi, karibu asilimia 30 ya kanieneo ya angahewa. Basi karibu asilimia 30 ya hewa imebaki nje, gramu 0.053. Mizani inakuonyesha 0.232 badala ya 0.285, na jibu linaangukia 47.

Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilipata 57.5, nikasifiwa darasani. Wiki iliyofuata nilikausha shingo vizuri, nikapata 47, nikaambiwa sikuwa makini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mara ya kwanza tone la maji lilikuwa limeijazia hewa iliyokosekana. Jibu zuri lilitokana na makosa mawili yaliyokutana njiani.

Dawa yake ni hesabu. Tafuta kwenye jedwali kanieneo ya mvuke wa kioevu chako kwa halijoto ya chumba, gawanya kwa kanieneo ya hewa, zidisha kwa uzito wa hewa inayojaza chupa, kisha ongeza kwenye masi uliyopata. Ukipenda kosa lenyewe liwe dogo, tumia ethanoli. Kwa nyuzi 25 mvuke wake ni kilopaskali 8 hivi, na kosa linashuka hadi asilimia 6 au karibu na hapo.

Hatua ya sita, ujazo. Usisome maandishi ya ubavuni. Chupa iliyoandikwa mililita 125 hubeba zaidi ukiijaza hadi mdomoni, na mvuke ulijaza hadi mdomoni. Ijaze maji hadi juu, uyamimine kwenye silinda ya kupimia.

Kanieneo isome kwenye barometa iliyo chumbani. Takwimu za utabiri wa hali ya hewa kwa kawaida zimerekebishwa kama vile uko usawa wa bahari. Ukiwa mwinuko wa mita 1,500, kanieneo halisi ni kilopaskali 84 au 85. Ukiweka 101, jibu linashuka kwa zaidi ya asilimia 15. Huko pia maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo andika ulichosoma kwenye kipimajoto, si 100 kwa mazoea. Kosa la nyuzi tano ni asilimia 1 na kidogo, si la kukukosesha usingizi. Ila ukisahau kubadili kuwa Kelvini (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273), hapo hakuna wa kukuokoa.

Ukimaliza yote haya huenda ukapata 59 au 60. Mvuke ulio karibu na kiwango cha kuchemka haufuati kikamilifu kanuni ya gesi. Molekuli huvutana, zinasongamana kidogo zaidi ya hesabu inavyotarajia. Hilo halifutiki kwa kitambaa. Liandike kwenye ripoti, pamoja na upande linakoelekeza jibu. Maneno "makosa ya kibinadamu" hayamwambii msomaji chochote.