Mfungueni: Imani ya Kikristo, Amani na Kupona Uraibu

Mhadhara uliotolewa kwa wazazi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, masista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mama zangu wa WAWATA, wazazi wote mlioacha shughuli zenu mchana huu, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, kwa sababu unga, yaani heroini, haumuulizi mtu dini yake unapoingia nyumbani mwake: nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya amani na kupona uraibu kwa njia ya imani ya Kikristo. Nitazungumza kama Mkristo, na kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kukaa na vijana wanaojaribu kuacha. Waliokuja wakitarajia shuhuda za miujiza wanisamehe mapema, kwa maana leo nina jambo moja tu la kuwaeleza, nalo limo katika Injili ya Yohana, sura ya 11.

Mnaikumbuka habari ya Lazaro. Amekaa kaburini siku nne, na Yesu amefika Bethania akiwa amechelewa kwa hesabu za wanadamu. Kabla ya kumwita marehemu anawaambia watu waliosimama pale waondoe jiwe, na Martha, dada wa marehemu, anajaribu kumzuia kwa kusema kwamba ndugu yake amekwisha kunuka. Nasimama kidogo hapo, kwa kuwa sauti hiyo ya Martha naisikia kila wiki. Ni sauti ya mzazi anayesema mwanawe yuko Dar es Salaam kwa shangazi yake, wakati mtaa mzima unajua kwamba kijana analala ufukweni kwenye mitumbwi mibovu. Hataki jiwe liondolewe kwa sababu anajua harufu itakayotoka. Kisha Yesu anamwita Lazaro kwa sauti kuu, naye anatoka akiwa hai, lakini amefungwa sanda mikono na miguu, na leso usoni. Aliyeweza kumrudishia pumzi asingeshindwa kuziondoa sanda, hata hivyo aliwageukia ndugu na majirani, akawaambia: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Kufufua ni kazi yake peke yake. Kuondoa jiwe na kufungua sanda aliwaachia watu, na hoja yangu yote ni kwamba familia nyingi na makanisa mengi tunasali kwa bidii ili Bwana afufue, naye akifufua, tunamwacha kijana amesimama mlangoni pa kaburi na sanda zake mwilini.

Sanda ya kwanza ni ya mwili wenyewe. Wengi wetu tunaliita jambo hili uhuni, na kwa mara ile ya kwanza mtu alipopokea kete kijiweni huenda tuna haki. Lakini heroini ikitumika kwa muda, ubongo unajipanga upya kuizunguka, hata mtu hatumii tena ili apate raha. Anatumia ili aweze kusimama. Baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho, arosto inaanza: miayo isiyokoma, mafua, machozi, vinyweleo kusimama, kisha mifupa kuuma, tumbo kuendesha na usingizi kutoweka. Hali hiyo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja, ila hamu inabaki miezi na miaka. Mtume Paulo, aliyewaandikia Warumi kwamba lile jema alipendalo halitendi, bali lile baya asilolipenda ndilo alitendalo, hakuwa akizungumzia unga. Lakini sijapata kusoma mstari huo mbele ya kundi la vijana wetu bila mmoja wao kuinamisha kichwa.

Hapa nataka niseme wazi juu ya dawa, kwa kuwa hapa ndipo imani inapotumiwa vibaya zaidi. Nchini mwetu tiba ya methadoni ilianza mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye ikafika mikoa mingine. Kwa kawaida mgonjwa anakunywa dozi mbele ya muuguzi mara moja kwa siku. Dawa hiyo inazuia arosto kwa saa 24 au zaidi, bila kumpa ule ulevi wa kujidunga, na hivyo anapata nafasi ya kufanya kazi, kula na kulala kama watu. Wapo wahubiri wanaomwambia kijana kwamba kunywa dozi ni kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine, na kwamba imani yake ikikamilika ataitupa. Namkumbuka kijana mmoja, fundi wa kuchonga milango, aliyeacha dozi siku ileile aliyoombewa. Aliposhindwa na kurudi kijiweni baada ya wiki kadhaa, alitumia kipimo kilekile alichokizoea zamani, na mwili uliokwisha kupoteza mazoea haukukistahimili. Alikutwa asubuhi, na mazishi yake yalijaa watu waliowahi kumpigia makofi. Aliyeacha unga kwa muda, awe ametoka gerezani, soba hausi (nyumba wanakokaa wanaojaribu kuacha) au kwenye maombi ya kufunga, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa akirudia mara moja tu, na kila mzazi aliyemo humu ndani alijue hilo kabla ya kujua mambo mengine yote.

Biblia yenyewe haina ugomvi na hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwambia mwanawe kwamba akiugua asali kwa Bwana, atubu makosa yake, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye aliumbwa na Bwana. Angalieni mpangilio huo: sala, toba, tabibu, vyote katika aya chache, na hakuna kinachofukuza kingine. Kwa mnywaji wa pombe kali wa miaka mingi onyo langu ni kubwa zaidi. Msimfungie chumbani kwa siku tatu za kufunga na kuomba, kwa kuwa mlevi wa namna hiyo akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka na hata kufa. Mpelekeni hospitali, na mkamwombee hukohuko.

Tuko Bagamoyo, na mji huu unajua kwamba fidia ikishalipwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, waliwakomboa watumwa kwa fedha, lakini upesi waliona kwamba mtu aliyenunuliwa kutoka mnyororo, asiye na ndugu, nyumba wala jembe, anaweza kukamatwa tena kesho yake. Ndiyo sababu kikajengwa kijiji chao, wakapewa makazi, mashamba na kazi za mikono, wakafunga ndoa na kuanza koo ambazo nyingine bado ziko kati yetu. Sitaki kuipamba historia hiyo. Maisha pale yaliendeshwa kwa kengele na sheria kali, na wapo waliotoroka, jambo ambalo wenye soba hausi wanapaswa kulitafakari wanapodhani kwamba geti refu na viboko ndiyo matibabu.

Nawaletea mfano wa mtu mmoja kutoka mbali, kwa sababu alikuwa kibarua kama wengi wa vijana wetu. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, akaanza kunywa akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na kwa miaka kama 16 mshahara wake wote uliishia kilabuni. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya mpiga muziki wa mitaani, wakaiuza wapate ya kunywea. Mwaka 1884, akiwa hana senti, alisimama nje ya kilabu akitazamia kwamba rafiki zake aliowanywesha mara nyingi wangemwita ndani. Walimpita. Alirudi nyumbani mapema, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe, na mama akamjibu aende kwa jina la Mungu, ila asiiweke kama hakusudii kuitimiza.

Ninachokipenda katika habari hii ni kipimo cha ahadi yenyewe. Aliiweka kwa miezi mitatu, siyo kwa maisha yote. Ikaisha, akaweka nyingine, na baadaye ndipo akaahidi ya daima, akaishi bila pombe hadi alipoanguka na kufariki barabarani akienda Misa, mwaka 1925. Katika miaka hiyo aliacha kutembea na fedha mfukoni ili asijiponze, alilipa madeni yake ya kilabuni, na alimtafuta yule mwenye fidla mitaani. Alipomkosa, aliagiza Misa kwa ajili ya roho yake. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Sisi huku kwetu kijana akikaa wiki mbili bila kuvuta tunampandisha altareni na kipaza sauti, atoe ushuhuda kwamba amepona kabisa. Anashuka pale akiwa amebebeshwa ahadi ya miaka 50, na siku akiteleza hana tena njia ya kurudi, kwa kuwa ataonekana ameliaibisha jina la Bwana. Shuhuda hizo zinamnufaisha zaidi anayezipanga kuliko anayezitoa.

Wamarekani wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935 na kuanzisha vikundi vya walevi wanaosaidiana, walitoka katika mazingira ya sala ya Kikristo, na hatua 12 zinazofuatwa katika soba hausi nyingi leo zina alama hiyo: kukiri kwamba umeshindwa, kujikabidhi kwa Mungu, kuungama kwa mtu mwingine, kurudisha ulichodhulumu. Mkatoliki hahitaji kuzishangaa, maana kitubio anacho tangu utotoni. Asichokuwa nacho mara nyingi ni mtu wa kumpigia simu saa nane usiku hamu inapomwamsha. Jumuiya ndogo ndogo ingeweza kuwa mtu huyo, kama isingekuwa imejipangia kukutana kwa rozari na michango tu.

Na tukiwa bado kwenye jumuiya, tuseme ukweli juu ya sherehe zetu. Ubatizo, kipaimara, hata jubilei ya ndoa, kreti za bia zinafika kabla ya pilau. Tunamwombea ndugu aache pombe siku ya Ijumaa, na Jumamosi tunamkabidhi kazi ya kugawa vinywaji. Wapo pia wanaoogopa kukomunika kwa sababu ya kalisi, yaani kikombe cha divai ya Misa. Hao nawaambia kwamba Kanisa linafundisha kuwa Kristo yupo mzima katika maumbo ya mkate peke yake, na kwamba hata padre mwenye ugonjwa huo anaweza kuruhusiwa na askofu wake kutumia maji ya zabibu yasiyochacha vizuri. Ikiwa altare yenyewe imempa mgonjwa nafasi, sherehe yetu ya kipaimara inashindwaje?

Sasa amani. Vijana wengi wanaponijia wanaitafuta amani wakimaanisha kutosikia tena hamu, nami nawaambia mapema kwamba hiyo inaweza kuchelewa. Jioni ya siku ya ufufuko, kwa mujibu wa Yohana sura ya 20, wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Yesu akasimama katikati yao, akawaambia, "Amani iwe kwenu," na papo hapo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Mwili mtukufu ulikuja na makovu. Mnawaona vijana wetu hapa mjini wanaovaa mashati ya mikono mirefu katika joto la Februari, vifungo vimefungwa hadi kwenye viganja. Mnajua wanaficha nini. Nilikuwa na mmoja wao aliyekataa kazi ya kuchagua dagaa kwa wiki nzima kwa sababu kazi hiyo inadai kukunja mikono. Siku alipokunja, mama mwenye dagaa aliitazama ile mishipa iliyokakamaa, akamsogezea beseni, akamwambia, "Mwanangu, hawa wakubwa waweke huku." Kijana aliniambia jioni ile kwamba hamu ilikuwa palepale, lakini alilala. Mimi nadhani alichopewa ndicho kile Yohana anachokiandika, na kilimfikia kupitia mwanamke ambaye, kwa taarifa yenu, ni Mwislamu.

Nyumbani kazi hii ni ngumu zaidi kuliko sokoni, kwa kuwa nyumbani ndiko alikoiba. Namjua mama anayelala na mtungi wa gesi chumbani kwake, sufuria zote ziko chini ya kitanda, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Sitamwambia mama huyo afungue mlango leo kwa jina la msamaha. Kusamehe hakumlazimu mtu aache mtungi sebuleni. Zakayo alipotubu alitaja mwenyewe kiasi atakachorudisha, na kijana anayepona naye aulizwe polepole atarudisha nini na kwa muda gani, hata kama ataanza kwa kufagia uwanja wa jirani aliyemwibia kuku. Vitu vitarudi sebuleni kimoja kimoja, kwa kadiri anavyoaminika.

Akianguka, na wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama imara, mambo ya usiku ule ni machache: asiachwe peke yake, asihubiriwe akiwa bado amelewa, na akionekana anapumua kwa shida au haamki akiitwa, apelekwe hospitali mara moja bila kuogopa polisi wala maneno ya watu. Asubuhi apewe uji. Ibada ya kitubio ipo, Baba Paroko ameniruhusu niwaambie kwamba kuanzia wiki hii atakaa kitubioni kila Jumatano jioni, na anayetaka kuweka ahadi ya miezi mitatu, ya pombe au ya unga, ataipokea pale bila kutangazwa kanisani. Viongozi wa jumuiya watabaki nami baada ya kikao tupange nani atakuwa na zamu ya simu usiku. Maswali yote yanayohusu dozi, vipimo na usafiri wa kwenda kliniki namwachia muuguzi aliyeketi hapa kushoto kwangu, kwa kuwa ni yake kuyajibu na siyo yangu. Dada, karibu.