Mshumaa Uliozimika Chumbani mwa Bikira Maria

Ndugu zangu, tunaitazama picha ya Mérode, mbao tatu zilizochorwa malaika akimletea Maria habari; kabla hamjaniuliza yungiyungi lile jeupe lililomo lina maana gani, utazameni moshi. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado tunaikimbilia kamusi ya alama huku macho yamefumba.

Juu ya meza ya pande 16 mshumaa umezimika sasa hivi. Uzi wa moshi unapanda, na kurasa za kitabu kilicho mezani zinapeperuka. Malaika Gabrieli ameingia. Maria ameketi chini, ameegemea benchi, anasoma kitabu kingine; hajainua macho. Utambi ukizimika, moshi wake hukatika baada ya pumzi chache tu. Basi karakana ya mchoraji Robert Campin mjini Tournai, katika Ubelgiji ya leo, kati ya 1427 na 1432 hivi, ilichagua pumzi hizo: salamu haijasikika, "ndiyo" haijatamkwa. Dirishani, juu ya miali saba, mtoto mdogo mwenye msalaba anashuka, na kioo hakivunjiki.

Moshi huo hupakwaje? Rangi ya nyuma iachwe ikauke kabisa, ndipo rangi nyeupe ya madini ya risasi iliyolainishwa kwa mafuta ipitishwe juu yake, nyembamba sana. Usiposubiri, nyeupe inajichanganya na rangi ya chini, unabaki na doa la kijivu. Ukiizidisha, unapata kamba badala ya moshi. Na kwa kuwa tabaka ni jembamba hivyo, vanishi ikigeuka manjano moshi ndio unaotangulia kufifia. Picha iliyochapishwa vibaya huumeza kabisa, kisha mtu anahutubia juu ya mshumaa "unaowaka"!

Kuna atakayesema: Nazareti haikuwa na benchi la Flandria, nchi ya upande huo wa Ulaya, wala birika la shaba lenye taulo pembeni. Kweli haikuwa navyo, na mchoraji alijua. Pimeni mbao zenyewe: ya kati ina kama sentimita 64 kwa 63, na kila bawa, yaani ubao wa pembeni, lina upana wa 27 hivi. Mabawa yanafungwa kama milango ya kabati. Hii haikuwa picha ya altare kuu ya kanisa. Ukubwa wake ni wa sala ya nyumbani. Aliyepiga magoti mbele yake alikuwa na benchi la namna hiyo nyuma yake. Fundisho ni hilo: Neno linaingia katika chumba unachokifagia mwenyewe. Ondoeni birika, wekeni mchanga na mitende, nanyi mmemrudisha malaika mbali.

Yusufu nitamgusa tu, muda umekwisha. Katika bawa la kulia anatoboa ubao, na karibu naye kuna mtego wa panya. Mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro alieleza mwaka 1945: Mtakatifu Augustino aliuita msalaba mtego wa panya wa kumnasa shetani. Ubao unaotobolewa ni wa nini, wataalamu bado wanabishana.

La mwisho, kwa mtakaofika kuiona kwenye jumba la makumbusho la Cloisters, New York: mbingu mnayoiona katika madirisha ya chumba cha Maria ilipakwa baadaye. Mwanzoni palikuwa na dhahabu.