Paa la Behewa: Litiwe Gundi au Lisitiwe?

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kuzungumzia rangi, alama za ubavuni na taa, lakini kaka Idrisa, naomba nianze na behewa la abiria la treni ya modeli nililoletewa wiki hii ili niliwekee taa. Aliyeliunganisha alitia gundi paa lote na sakafu pia, na nilipochungulia dirishani niliona kiti kimoja kimeng'oka na kulala kifudifudi kwenye ujia, mahali ambapo koleo haliwezi kufika.

IDRISA: Sakafu hapana, dada, ila paa hata mimi ningelitia gundi. Je, umelipima uzito?

ZAWADI: Nilijua utauliza, kwa maana hakuna kipindi usichouliza. Lina gramu 120.

IDRISA: Basi kazi ipo. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, modeli ikiwa ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, behewa halisi la futi 85 huwa na urefu wa karibu milimita 298. NMRA, chama cha wapenzi wa treni za modeli kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, hupendekeza aunsi moja ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, jumla inayokaribia gramu 194. Behewa jepesi likitangulia msafara mrefu, uzito wa yanayofuata hulivuta kuelekea ndani ya kona mpaka likaacha reli.

ZAWADI: Nakubali, mradi vyuma vya uzito vilazwe sakafuni, kwa sababu uzito ukikaa juu behewa huyumba. Skrubu ya bogi moja, yaani kile kigari cha magurudumu kilicho chini ya kila ncha ya behewa, nayo ikazwe kiasi cha kuliacha ligeuke tu, na ya bogi la pili ilegezwe kidogo ili liweze pia kuinama kulia na kushoto. Hapo behewa hutulia kama chungu juu ya mafiga. Lakini gramu 74 zinazopungua nitazipitisha wapi?

IDRISA: Chini. Sakafu ishikwe kwa skrubu, paa litiwe gundi, kwa kuwa kuta ndefu za plastiki nyembamba hupinda zisiposhikwa juu.

ZAWADI: Hazipindi zikiwekewa mihimili ya ndani. Mimi nataka paa lifunguke, kwa sababu taa hukaa darini, na kioo cha dirisha kikibanduka nataka kukirudisha kwa gundi nyeupe, ambayo ikikauka haionekani, kuliko kubahatisha kwa supagluu, ambayo mvuke wake hutia ukungu kwenye plastiki angavu.

IDRISA: Paa lisilo na gundi hunyanyuka pembeni, na taa zikiwaka ule ufa huonekana kabla ya kitu kingine chochote.

ZAWADI: Mimi naona kwanza kile kiti kilichoanguka.

IDRISA: Hapo sitakufuata.

ZAWADI: Wala mimi sitakufuata, na muda umetuishia kabla hatujagusa rangi wala alama.

IDRISA: Niambie basi, hizo gramu 74 utazilaza wapi?

ZAWADI: Nikishaipasua gundi ya sakafu, nitazigawa sawasawa juu ya mabogi yote mawili, kisha nitalipitisha behewa kwenye kona kali kuliko zote nilizo nazo.