"Umekula?": Mhadhara kuhusu kurudi kwa mzee Spyros

Nimeombwa nianze na historia ya sinema ya Ugiriki. Sitaanza huko. Nitaanza na neno moja la mke wa Spyros, na mlionisikia mara ya mwisho mtanivumilia, kwa sababu neno hilo bado halijasikika inavyostahili.

Filamu ni *Taxidi sta Kythira*, yaani "Safari ya Kythira", ya mwaka 1984, mwongozaji Theo Angelopoulos. Mzee Spyros anashuka melini Piraeus, bandari ya Athens, mkono mmoja sanduku, mkono wa pili fidla. Ni mpiganaji wa kikomunisti. Upande wake ulishindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki mwaka 1949, akaishia Usovieti, na sasa anarudi baada ya miaka 32. Watoto wake wamesimama bandarini, hawajui wamkumbatie au wampe mkono. Anawaambia, "Ni mimi." Kumbukeni kwamba ndani ya filamu kuna mwongozaji anayetafuta mwigizaji wa kumwigiza mzee, na mwanzoni tumekwisha kuwaona wazee wengine wakisailiwa kwa nafasi hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitamka, "Ni mimi, ni mimi." Mtu anaweza kulisema vizuri kabisa na bado asiwe yeye.

Kisha anafika nyumbani. Katerina, mkewe, anamtazama. Miaka 32! Anamuuliza, "Umekula?"

Hapo ndipo watu wananiudhi. Wananiambia mama huyu ana moyo wa jiwe, au kwamba mwongozaji ameogopa machozi. Jamani! Mtu aliyeondoka miaka yote hiyo utamuuliza nini? Ulikuwa wapi? Anajua alikokuwa. Ulinikumbuka? Jibu lolote litamuumiza. Swali la chakula ndilo pekee linaloweza kuulizwa bila kufungua kesi. Na anayeulizwa kama amekula ameshahesabiwa kuwa mtu wa nyumba hii, kabla hajasamehewa, na hata asiposamehewa kamwe. Odiseo, yule shujaa wa utenzi wa kale wa Kigiriki, aliporudi nyumbani alitambuliwa na yaya wake kwa kovu la mguuni. Spyros ametambuliwa kwa njaa yake.

Wala Angelopoulos hakuliokota jambo hili vitabuni. Desemba 1944, Athens ikiwa katika mapigano, baba yake alikamatwa. Jina lake naye lilikuwa Spyros. Mtoto alikuwa na miaka 9, akatembea na mama yake wakimtafuta baba kati ya maiti. Hawakumpata. Baadaye baba akarudi mwenyewe, akiwa hai, na familia ikakaa mezani ikanywa supu, hakuna aliyeweza kusema kitu. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1970, nayo inaanza na baba anayerudi na familia inayokula. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba hii ni filamu ya "kumbukumbu", mkimaanisha ukungu na muziki wa huzuni, nawaomba mtazame tena. Kumbukumbu ya mtu huyu ni bakuli la supu na watu wanaoogopa kufungua midomo.

Mtasema inakwenda polepole. Ndiyo, inakwenda polepole! Kijiji kizima kimekusanyika kuuza mashamba yake kwa kampuni inayotaka kujenga mahali pa watalii wa theluji. Lazima kila mwenye ardhi aweke sahihi. Spyros anachukua sepetu, anaingia shambani kwake, anaanza kulima. Hasemi "sikubali". Analima. Kamera ya Giorgos Arvanitis haiondoki, nawe unabaki hapo mpaka ukali wa wanakijiji unakufikia mgongoni. Ukiikata picha ile iwe sekunde tatu, umebaki na mzee mkaidi tu. Usiku kibanda chake kinachomwa moto.

Na hapa kuna jambo la karatasi, ambalo wanafunzi wa sinema hulipita mbiombio. Mwishoni mwa mwaka 1982 serikali ya Andreas Papandreou iliruhusu wakimbizi wa vita ile warudi, lakini wale wenye asili ya Kigiriki peke yao. Wapiganaji wa jamii za Kislavi wa kaskazini, waliopigana bega kwa bega na akina Spyros, waliachwa nje. Filamu inamchukua mtu aliyeruhusiwa, Mgiriki asiye na shaka, na hata yeye serikali haijui imweke wapi. Uraia hana. Wanajaribu kumrudisha kwenye meli ya Kisovieti, hataki. Basi wanamweka juu ya chelezo, nje ya mipaka ya maji ya Ugiriki, mvua inanyesha, na bandarini wafanyakazi wana sherehe.

Muda unaniishia. Nilitaka kumzungumzia Eleni Karaindrou na muziki wake, na tuzo ya muswada wa filamu kwenye tamasha la Cannes, yaacheni. Ila Manos Katrakis, aliyemwigiza Spyros, siwezi kumwacha. Yeye mwenyewe alifungwa Makronisos, kisiwa cha wafungwa wa kisiasa, kwa siasa zake. Alicheza filamu hii akiwa mgonjwa, akafa mwaka huo huo, 1984. Anapocheza ngoma makaburini mwa wenzake, tazameni miguu yake.

Katerina anaomba apelekwe kwa mumewe kule kwenye chelezo. Anapelekwa. Alfajiri mzee anafungua kamba.

Maswali baadaye. Zimeni taa, tuanze na lile swali la Katerina.