Kibudu, Kitimoto na Kisu Butu
(Mhadhara wa mkaguzi wa nyama mstaafu mbele ya wanachuo, Dodoma)

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuitika. Masheikh wetu, wachungaji, walimu, na ninyi wanangu mliokaa mpaka kwenye ngazi: walionizidi umri shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nilisomea mifugo Mpwapwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa machinjioni, alfajiri, mkononi kisu kidogo na muhuri. Nilipasua tezi, nikafungua ini kutafuta minyoo, nikapapasa mapafu, nikagonga muhuri, nyama ikaenda bucha. Waliokuja kuwafundisha fiqhi na teolojia mnao. Mimi nimekuja kusema juu ya kula nyama, kama mtu aliyesimama karibu na ng'ombe.

Babu yangu alikuwa na zizi limejaa, na sisi wajukuu tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Ng'ombe alichinjwa kwenye msiba, kwenye harusi, au akivunjika mguu porini. Mgeni alidhani ni uchoyo. Lakini babu alimjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mama yake, na ukimwambia achinje kwa sababu watoto wana hamu tu, alikuangalia kama umemtukana. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha dini. Ila alijua uhai wa mnyama hauchukuliwi bila sababu ya kuusemea.

Sasa vitabu. Katika Mwanzo sura ya 1, mtu anapewa mbegu na matunda. Nyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika, na ruhusa ile ina sharti palepale: nyama pamoja na uhai, yaani damu yake, msile. Mle, lakini ule uhai si wenu. Kurani nayo, Sura Al-Maida aya ya 3, inaharamisha nyamafu, damu, nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu. Kisha inataja, mmoja mmoja, mnyama aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, aliyeraruliwa na mnyama mkali, isipokuwa mliyemuwahi mkamchinja. Sisi Waswahili tumewakusanya wote kwa neno moja: kibudu.

Wengi wanaisoma orodha hiyo kama orodha ya uchafu. Masheikh watanisahihisha, lakini mimi niliyekesha machinjioni nikiisoma naona kitu kingine pia: kila mnyama pale amekufa vibaya.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, sitakaa nacho sana. Mwislamu kwake ni haramu, Msabato anakuonyesha Walawi 11, Mkatoliki anakula, lakini Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hagusi nyama ya aina yoyote. Kila mmoja ana dhamiri yake, tuheshimiane. Na wapo wasioonja nyama maisha yao yote. Wajaini wa India wanafuata ahimsa, kutodhuru kiumbe, na wengi wao hawali hata viazi na vitunguu, kwa sababu kung'oa mzizi kunaua mmea mzima na vijidudu vya udongoni. Msikimbilie kucheka. Hao wamejiuliza swali ambalo sisi wa nusu kilo na ndizi hatujawahi kujiuliza.

Nchini kwetu tulichogombania ni kisu kiwe cha nani. Kwa mazoea ya miaka mingi, anayechinja nyama ya kuuzwa ni Mwislamu, ili jirani wote wale sahani moja. Mwaka 2013, kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje uliondoa uhai wa mtu. Mtu, wanangu! Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba chakula kikimkwaza ndugu yake, hatakula nyama milele. Hakusema nyama ni mbaya. Alisema ndugu ni zaidi.

Na wakati tunabishana kisu ni cha nani, hakuna aliyeuliza kama kisu kina makali.

Asubuhi moja lilishushwa fahali jekundu, limesafiri usiku kucha kwenye lori, mguu wa nyuma umevunjika. Vijana walilivuta kwa mkia. Bismillahi ilisemwa, nilisikia kwa masikio yangu. Lakini kisu kilikuwa butu. Kilipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jicho la fahali lile lilikuwa limenielekea mimi. Baadaye nilikagua mzoga: ini safi, tezi safi. Nikagonga muhuri. Nyumbani mke wangu alikuwa ameinjika supu. Sikuweza kuinywa.

Mtume Muhammad, katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyiko wa Imam Muslim, aliagiza mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Tunayo na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Maneno tunayo tele.

Mmeniuliza kwa vikaratasi: tuache nyama? Mfugaji wa Bahi au Chemba, ambako mvua ikikata mtama unakauka shambani, anaishi kwa ng'ombe anayekula majani tusiyoweza kula sisi. Siwezi kumwambia aache. Ninyi wa mjini, mnaokwenda mnadani Msalato kila Jumamosi, nawaomba mpunguze, na siku moja mwamke saa kumi alfajiri mwende machinjioni mkaone.

Mimi wiki ile nilinunua kinoo, nikampelekea mchinjaji mmoja mzee. Nilidhani atakasirika. Alikipokea kwa mikono miwili, akatazama ng'ombe waliokuwa wamefungwa pale, kisha akazunguka nyuma ya ukuta, wasikoweza kumwona, akaanza kunoa.