Siku 43 za Kusukumiana Lawama

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Neema, nipo Dar es Salaam. Mwenzangu Hamisi yupo Maryland, Marekani, jirani kabisa na jiji la Washington. Kaka Hamisi, za huko?

HAMISI: Nzuri, dada. Baridi imeshaingia. Nawaamkia wakubwa wote wanaotusikiliza, shikamooni.

NEEMA: Leo tunazungumzia kufungwa kwa serikali kuu ya Marekani, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi usiku wa tarehe 12 Novemba 2025. Siku 43. Ilivunja rekodi ya siku 35 ya mwaka 2018 kuingia 2019. Swali ninaloulizwa sana hapa mtaani ni hili: serikali inafungwaje?

HAMISI: Katiba yao inasema hela haitoki Hazina bila sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba, na kabla ya hapo Bunge linatakiwa liwe limepitisha miswada 12 ya matumizi. Ikishindikana, angalau wapitishe sheria ya muda ya kuendelea na viwango vya zamani. Hata hiyo ikikwama, ofisi zinafungwa. Lakini kuna jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Kabla ya 1980, tarehe ikipita bila bajeti, ofisi kwa kawaida ziliendelea na kazi, wakubwa wakisubiri Bunge limalize mabishano yake.

NEEMA: Nini kilibadilika?

HAMISI: Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, aliandika maoni ya kisheria kwamba sheria ya karne ya 19 inaikataza ofisi ya umma kuingia gharama ambayo Bunge halijaidhinisha. Mwaka uliofuata akafafanua kwamba kazi za kulinda maisha na mali zinaweza kuendelea. Kilichofuata tunakijua. Zamani bajeti ikichelewa, ilikuwa aibu ya Bunge. Baada ya Civiletti, kuchelewesha kukawa silaha.

NEEMA: Na silaha hiyo inampiga nani? Nataka tukae hapo, maana mimi ndilo linaloniuma.

HAMISI: Nina jirani yangu hapa, mama wa makamo, mtumishi wa serikali kuu. Ofisi yake siitaji. Katikati ya Oktoba mshahara ulikuja nusu. Uliofuata haukuja kabisa. Jumamosi moja akanigongea mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua kanisa au msikiti unaogawa chakula. Dada, huyu mama ana miaka 18 kazini. Nilimpeleka mwenyewe. Foleni tuliyoikuta imejaa watu bado wamevaa vitambulisho vya kazi shingoni.

NEEMA: Pole yake jamani.

HAMISI: Na yeye angalau alikuwa nyumbani. Waongoza ndege na wakaguzi wa viwanja vya ndege walitakiwa waende kazini bila kulipwa. Sheria ya 2019 inasema watumishi wa serikali kuu watalipwa malimbikizo serikali ikifunguliwa, sawa, lakini mwenye nyumba hasubiri malimbikizo. Wafagiaji na walinzi wa kampuni zenye mikataba na serikali, wao hawakuwa na uhakika hata wa hayo malimbikizo. Halafu tarehe 1 Novemba msaada wa chakula, unaowafikia watu wapatao milioni 42, haukuingia kwenye kadi kama kawaida.

NEEMA: Wabunge wenyewe je?

HAMISI: Walilipwa. Dola 174,000 kwa mwaka, na fedha hiyo haitegemei miswada hii inayokwama.

NEEMA: Basi hapo ndipo nilipo mimi. Chukua Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 90. Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge wetu anaposimama Juni kuitwa jina lake, apige kura ya ndiyo au hapana, anajua hapana zikizidi, huenda wote wakarudi kwa wapiga kura. Gharama ya kukwama inamkuta yeye. Kule Marekani inamkuta jirani yako.

HAMISI: Nakubali nusu. Sasa niambie, dada yangu, ni lini umeona Bunge letu likiikataa bajeti? Kitisho hicho ndicho kinachomfanya mbunge aseme ndiyo hata kwa kifungu asichokipenda. Bunge la Marekani lina nguvu kweli juu ya mfuko wa serikali. La kwetu linaujua mfuko, ila kuufunga linaogopa.

NEEMA: Hapo umenishika, na siwezi kubisha. Ila bado nasema nguvu ya kukataa iambatane na gharama kwa anayekataa. Wao gharama pekee wanayoiogopa ni lawama. Ndiyo maana nguvu zao zote zikaishia kwenye kusukumiana lawama.

HAMISI: Hilo nimeliona kwa macho yangu. Siku za mwanzo tu nilifungua tovuti ya Wizara ya Nyumba, nikakuta tangazo kubwa kwamba waliofunga serikali ni "mrengo mkali wa kushoto", yaani chama cha Demokrati, wapinzani wa Rais Trump. Tovuti ya wizara, ya kodi za watu wote! Wizara ya Elimu ikaenda mbali zaidi: majibu ya barua pepe ya watumishi waliorudishwa nyumbani yakabadilishwa yawalaumu Maseneta wa Demokrati, kwa jina la mtumishi mwenyewe, bila ridhaa yake. Jaji mmoja wa Washington akaamua Novemba kwamba hilo limevunja haki yao ya Kikatiba ya uhuru wa kusema.

NEEMA: Kumtia mtu maneno mdomoni huku mshahara wake umeuzuia. Hilo mimi naliona baya kuliko hata foleni.

HAMISI: Na viwanja kadhaa vya ndege vilikataa kuonyesha video ya Waziri wa Usalama wa Ndani iliyowalaumu Wademokrati.

NEEMA: Sasa tuseme ukweli. Lawama ni ya nani? Ikulu na mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, vyote vilikuwa mikononi mwa Republican, chama cha Trump.

HAMISI: Ndiyo, lakini Seneti walikuwa 53 kati ya 100, na kanuni inataka kura 60 kufunga mjadala ili mswada upigiwe kura. Wademokrati wakasema hatuwapi hizo kura mpaka muongeze muda wa ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinakwisha mwisho wa mwaka. Wenzao wakajibu: fungueni kwanza, tutaongea baadaye.

NEEMA: Kwa hiyo Wademokrati ndio waliodai kitu cha ziada. Kama Trump 2018 na ukuta wake wa dola bilioni 5.7. Kama Republican 2013, walipotaka kuizuia sheria ya afya ya Obama.

HAMISI: Ni kweli, wao ndio waliodai, sikwepi. Ila ile kanuni ya kura 60 haimo kwenye Katiba. Ni kanuni ya Seneti yenyewe, na wingi wa kawaida ungetosha kuibadilisha. Trump mwenyewe aliwaambia waiondoe, wakakataa. Kwa hiyo mtu akikwambia "hatukuweza kufungua", mimi husikia "hatukutaka kulipa bei ya kufungua". Pande zote mbili. Na Spika Johnson aliliweka Baraza la Wawakilishi, analoliongoza, nje ya vikao tangu Septemba. Adelita Grijalva wa Arizona alishinda uchaguzi tarehe 23 Septemba, akaapishwa tarehe 12 Novemba. Jimbo lake zima la uchaguzi likakaa wiki saba baada ya kura bila mwakilishi.

NEEMA: Na mwisho wake?

HAMISI: Maseneta wanane wa upande wa Demokrati wakajiunga, kura zikawa 60 kwa 40. Walichopata ni ahadi ya kura ya ruzuku mwezi Desemba. Kura ikapigwa, ikashindwa.

NEEMA: Siku 43 za njaa kwa ajili ya ahadi ya kura.

HAMISI: Wao watakwambia nchi nzima sasa inazungumzia bei ya bima. Labda. Mimi sijui namna ya kumwambia hivyo yule mama.

NEEMA: Yeye anaendeleaje?

HAMISI: Alilipwa malimbikizo yote kabla Novemba haijaisha. Akaniletea keki, tukanywa chai. Ukutani jikoni kwake nikaona kalenda mpya, na tarehe 30 Januari imezungushiwa kalamu nyekundu. Ndiyo tarehe ile sheria ya muda iliyofungua serikali ilipoishia. Chini ya meza kuna gunia la mchele ambalo zamani halikuwepo.

NEEMA: Mpe salamu zetu, Kaka Hamisi.

HAMISI: Zitafika, dada.